Michezo Mitatu ya Mwisho wa Juma

Kaeni kitako, fungueni daftari zenu. Mwalimu wa darasa, tafadhali simama karibu na ubao, chaki mkononi, maana leo nitakuomba uandike hesabu chache, na hesabu hizo ndizo somo lenyewe.

Msikilizaji wetu mmoja ametuletea barua. Anasema mwanawe alimwonyesha matokeo ya michezo ya vyuo vya Marekani, akakuta mahali pameandikwa jina la chuo, halafu 23, halafu kistari, halafu 4. Anauliza: "Hizo 23 na 4 ni kitu gani? Ikiwa ni mabao, mbona ni mengi hivyo? Na kwa nini watu wanabishana sana juu yake?"

Ni swali zuri. Wengi wetu sasa twaweza kusoma tarakimu yo yote tuliyoandikiwa. Lakini kuisoma ni jambo moja, na kujua inahesabu nini ni jambo jingine. Basi leo tutazisoma hizo 23 na 4 mpaka zifunguke. Zinatoka katika mchezo uitwao softiboli, wanaoucheza wasichana wa vyuo vikuu huko Marekani, nazo zinategemea sana siku tatu za mwezi wa Aprili mwaka 2024.

Kwanza, mchezo wenyewe. Softiboli ilizaliwa mjini Chicago mwaka 1887. Vijana wa chama kimoja cha mashua walikuwa wamekusanyika kungoja habari za mchezo wa mpira kati ya vyuo vya Yale na Harvard. Habari ilipofika, kijana mmoja kwa furaha yake akamrushia mwenziwe glavu ya ngumi, naye mwenziwe akaipiga kwa fimbo. Bwana George Hancock, aliyekuwapo pale, akaona kwamba hapo pana mchezo, akaufanyia kanuni. Ndivyo ulivyoanza, ndani ya nyumba, kwa mzaha wa vijana waliochoka kungoja.

Siku hizi huchezwa nje, uwanjani. Kila timu ina watu 9. Kuna vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la mraba, na toka kituo hadi kituo ni futi 60, yaani kama mita 18. Kituo cha mwisho huitwa nyumbani. Mpigaji husimama hapo nyumbani na gongo lake. Mrushaji wa timu nyingine husimama mbele yake, futi 43, akamrushia mpira kwa mkono unaopita chini, karibu na paja. Msidhani kwa kuwa mkono unapita chini basi mpira unakwenda polepole. Warushaji hodari huutupa kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na mpira hufika kwa mpigaji kabla nusu ya sekunde haijakwisha. Kufumba na kufumbua, umepita.

Mpigaji akiupiga vizuri, hukimbia kuzunguka vituo, na akirudi nyumbani salama timu yake hupata bao moja. Lakini akikosa kuupiga mara tatu, au mpira aliopiga ukidakwa kabla haujagusa chini, au ukimtangulia kufika kituoni, ametoka. Wakitoka watatu, timu yake huacha kupiga na wenzao huingia. Timu zote mbili zikiisha kupiga, hiyo ni zamu moja, na mchezo mzima una zamu 7. Timu moja ikiwa mbele kwa mabao 8 baada ya zamu 5, mchezo husimamishwa hapo hapo, watu wakaenda zao. Mimi naipenda sana kanuni hiyo. Haifai kumpiga mtu aliyekwisha lala.

Mabibi waliosoma katika shule za wasichana huenda wakakumbuka mchezo wa kupiga mpira kwa ubao na kuzunguka vigingi. Ni jamaa wa mchezo huu. Na softiboli yenyewe imefika Afrika Mashariki: huko Kenya na Uganda huchezwa katika baadhi ya shule na vyuo.

Basi sasa tuje kwenye tarakimu zetu.

Vyuo vikuu vya Marekani ni vingi mno, na nchi ni kubwa. Haiwezekani kila chuo kikutane na kila chuo. Kwa hiyo vyuo hujikusanya katika ligi, kila ligi na jina lake na jedwali lake. Ligi moja huitwa Big 12, maana yake "Kumi na Mbili Kubwa". Mwaka ule wa 2024 ligi hiyo ilikuwa na vyuo 14, na katika hivyo 14, vilivyokuwa na timu ya softiboli vilikuwa 10. Jina 12, vyuo 14, timu 10. Hapo mwaona kwamba majina nayo yataka kusomwa kwa tahadhari!

Katika ligi hiyo timu hukutana hivi. Timu moja husafiri kwenda kwa nyingine, ikakaa huko mwisho wa juma, nazo hucheza michezo mitatu: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Juma lifuatalo huenda mahali pengine, au huwangoja wageni wengine kwao.

Mwalimu, andika ubaoni: timu 10. Kila timu ina wapinzani 9, kwa kuwa haichezi na nafsi yake. Kwa kila mpinzani michezo 3. Tisa mara tatu? Ishirini na saba. Andika 27.

Sasa jumlisheni 23 na 4. Mwapata nini? Ishirini na saba. Haya! Siri imetoka. Hizo 23 na 4 si mabao. Tarakimu ya kwanza ni michezo ambayo timu imeshinda, na ya pili ni michezo ambayo imeshindwa. Katika michezo 27 ya ligi, timu ile ilishinda 23 na kushindwa 4. Timu yenyewe ni ya Chuo Kikuu cha Texas, kilicho katika mji wa Austin.

Mwalimu, andika jina la Texas, na mbele yake 23–4. Chini yake andika Oklahoma, na mbele yake 22–5. Darasa, jumlisheni na hiyo ya Oklahoma: ishirini na mbili na tano, ishirini na saba pia. Timu zote mbili zilicheza michezo sawasawa, na mwisho wa ligi Texas ilikuwa juu kwa mchezo mmoja tu.

Tuzame hapa, maana hapa ndipo penye utamu.

Chuo Kikuu cha Oklahoma, cha mji wa Norman, kilikuwa mwamba wa mchezo huu. Wasichana wake, chini ya mwalimu wao Bibi Patty Gasso, walikuwa mabingwa wa nchi nzima mwaka 2021, tena 2022, tena 2023. Walipata kushinda michezo 71 mfululizo bila kushindwa hata mmoja, mpaka mnyororo huo ulipokatwa na timu ya Louisiana mwezi wa Machi 2024. Na katika ligi ya Big 12, tangu mwaka 2012 walikuwa juu ya jedwali kila mwaka ligi ilipomalizika. Nasema "ilipomalizika" kwa sababu mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliivunja katikati.

Tena palikuwa na jambo jingine. Texas na Oklahoma walikuwa wamekwisha kubali kuhama. Mwezi wa Julai 2024 vyuo hivyo viwili vingeingia ligi nyingine, iitwayo SEC. Kwa hiyo huu ulikuwa mwaka wa mwisho wa kukutana katika ligi ile ya zamani. Aliyetaka kumwondoa Oklahoma pale juu hakuwa na nafasi nyingine.

Ijumaa tarehe 5 Aprili 2024 Oklahoma walifika Austin. Siku hiyo ya kwanza wageni walishinda, 5 kwa 2. Watu wengi wangesema: basi, mambo ni yale yale. Lakini Jumamosi Texas walishinda. Na Jumapili wakashinda tena. Ilikuwa michezo ya kubanana, ambayo mpira mmoja uliopigwa vizuri au kudakwa vizuri watosha kugeuza mambo.

Mtauliza, yawezekanaje timu ishindwe Ijumaa na kuwashinda watu wale wale Jumamosi? Jibu moja ni huyo mrushaji. Mrushaji hodari akicheza Ijumaa, mkono wake huchoka. Tena wapigaji wakiisha kumwona mara moja na mara mbili, hujifunza mpira wake unavyopinda, na siku ya tatu hawashituki. Kwa hiyo kila mwalimu wa timu hukaa usiku akifikiri: nimweke nani leo, na nimweke akiba nani kwa kesho? Timu yenye mrushaji mmoja tu itakung'arisha macho Ijumaa. Jumapili ndipo utakapoijua. Michezo hii mitatu si mtu mmoja kumpiga mwenziwe ngumi moja akaenda zake. Ni mashindano ya akiba.

Sasa rudini kwenye ubao. Texas 23–4, Oklahoma 22–5. Chukueni ushindi mmoja wa Texas, ule wa Jumapili, mkampe Oklahoma. Texas atabaki na 22, na kushindwa kwake kutakuwa 5. Oklahoma atakuwa na 23, na kushindwa kwake 4. Jedwali limepinduka! Aliye juu amekuwa chini na aliye chini amekuwa juu, kwa mchezo mmoja wa zamu 7. Angalieni jambo hili kwa makini: mchezo mmoja kati ya wakubwa wawili huhesabiwa mara mbili, kwa sababu unachokipata wewe ndicho anachokosa mwenzio. Ukimpiga mnyonge wa mkiani, unapanda wewe tu. Ukimpiga anayekufuata, unapanda naye anashuka.

Hiyo ndiyo sababu mwisho wa juma mmoja wa Aprili waweza kuzungumzwa mpaka Juni.

Lakini kuwa juu ya jedwali la ligi kuna faida gani? Je, ni sifa tu? Hapana. Baada ya ligi kuna mashindano ya nchi nzima, na safari ya kwenda huko huanza katika hizo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mwalimu, andika tarakimu hizi kwa safu, moja chini ya nyingine: 64, 16, 8, 2, 1.

Timu 64 huchaguliwa toka nchi nzima. Hugawanywa katika makundi 16, kila kundi timu 4. Katika kundi, ukishindwa mara moja bado umo. Ukishindwa mara ya pili, funga mizigo. Kila kundi hutoa timu moja, kwa hiyo hubaki 16. Hizo hukutanishwa mbili mbili, na atakayetangulia kushinda michezo miwili huendelea. Hubaki 8. Hizo 8 ndizo zinazokwenda Oklahoma City, kwenye mashindano makuu ambayo yamekuwa yakifanyika mji huo tangu mwaka 1990, isipokuwa mwaka 1996 tu. Huko hujaa watazamaji zaidi ya 12,000. Mwishoni hubaki timu mbili, na katika hizo mbili bingwa mmoja.

Sasa, hao 64 huchaguliwaje? Karibu nusu hujichagulia wenyewe: ni mabingwa wa ligi zao, ambao kwa kawaida hupatikana katika mashindano mafupi yanayofanyika ligi ikiisha. Hao hawadaiwi neno. Nafasi zilizobaki hugawanywa na kamati. Nayo kamati huwapa timu 16 zilizo bora nambari, toka 1 mpaka 16, na kwa kawaida wenye nambari hizo huchezea kwao katika makundi ya kwanza. Ukipewa nambari 1 mpaka 8, na ukishinda kundi lako, utakuwa kwako tena katika hatua ya pili. Kuwa kwako si jambo dogo. Unalala kitanda chako, unakula chakula ulichozoea, na wanaopiga makofi ni majirani zako.

Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ubishi unapoanza. Kamati inajuaje nani ni bora, ikiwa timu hazikukutana? Timu moja ya mashariki imeshinda 45, nyingine ya magharibi imeshinda 38. Je, ya mashariki ni bora? Labda imeshinda watu dhaifu. Ni kama mtu anayejisifu kwamba ameuza magunia mengi. Kabla hujamsifu, uliza: ameuza soko gani, na kwa bei gani?

Kwa miaka mingi kamati imekuwa ikitazama, pamoja na mambo mengine, hesabu iitwayo RPI. Tuifanye kwa shilingi. Shilingi moja ina senti 100. Senti 25 ni za michezo uliyoshinda wewe mwenyewe. Senti 50, yaani nusu ya shilingi nzima, ni za michezo waliyoshinda wapinzani wako. Na senti 25 za mwisho ni za michezo waliyoshinda wapinzani wa wapinzani wako. Mmeona? Robo tatu ya shilingi yako haimo mfukoni mwako! Imo mifukoni mwa watu uliocheza nao. Ukicheza na wakubwa, ukashindwa mara mbili na kushinda mara moja, huenda hukupoteza sana. Ukicheza na wanyonge na kushinda yote mitatu, waweza kushuka.

Kwa hiyo Jumapili jioni msichana wa timu fulani akimaliza mchezo wake haulizi tu, "Tumeshindaje?" Huuliza pia, "Na wale tuliowapiga mwezi wa Machi, wameshinda leo?" Ushindi wa watu wale, mamia ya kilomita toka kwake, ni senti zake.

Nimesema mengi juu ya wakubwa wawili, lakini mimi kwa kweli fikira zangu huwaendea zaidi wale wa katikati ya jedwali. Texas na Oklahoma walijua kwamba wataitwa. Neno lao lilikuwa nambari tu. Lakini kuna timu ambazo ni ya 60, au ya 64, au ya 66, na hakuna mtu wa kuziambia ni ipi kati ya hizo. Kwao michezo mitatu ya mwisho wa juma si habari ya nambari. Ni habari ya kucheza au kutocheza tena.

Fikirini msichana wa mwaka wa nne. Alianza mchezo huu ana miaka 8 au 9, baba akimrushia mpira uani. Chuo kilimsaidia ada kwa sababu ya mkono wake. Msaada huo wa wasichana una mizizi katika sheria ya Marekani ya mwaka 1972, iitwayo Title IX, inayokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuwabagua wanawake. Kabla ya hapo wasichana wa vyuo walicheza, ndiyo, lakini mara nyingi kwa vifaa vya kuombaomba na bila fedha. Mashindano ya softiboli ya chama kikuu cha michezo ya vyuo, NCAA, yalianza mwaka 1982, na mabingwa wa kwanza walikuwa UCLA, wa Los Angeles. Hata hivyo msaada haukuwa wa kumwagika. Hadi mwaka wa masomo wa 2024 na 2025 timu moja iliruhusiwa kutoa ada kamili 12 tu, na wachezaji walikuwa wapata 20 au zaidi, kwa hiyo wengi walipewa kipande. Huyu apewa nusu, yule apewa robo.

Basi msichana huyo ana miaka minne tu ya kuchezea chuo. Kazi ya kulipwa katika softiboli ipo, lakini nafasi zake ni chache sana. Kwa wengi, siku kamati isipowaita, hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuvaa viatu vile. Huketi pamoja na wenziwe mbele ya televisheni, Jumapili moja ya mwezi wa Mei, majina 64 yakitangazwa. Wanahesabu. Yakifika 60 wanashikana mikono. Yakifika 64, ama wanaruka, ama wanakaa kimya. Halafu kumbukumbu hurudi mwezi wa Aprili: ule mpira nilioukosa Jumamosi, zamu ya 6. Timu ile ingepata mchezo ule mmoja, huenda jina lingalisomwa.

Haya, turudi kwa wakubwa, maana mnataka kujua ilikwishaje.

Ligi ilipoisha, Big 12 walifanya mashindano yao mafupi huko Oklahoma City. Tarehe 11 Mei 2024 Texas na Oklahoma walikutana tena katika mchezo wa mwisho, na safari hii Oklahoma walishinda, 5 kwa 1. Hesabuni sasa michezo yao yote ya mwaka ule mpaka siku hiyo: mitatu ya Aprili na mmoja wa Mei. Texas 2, Oklahoma 2. Sare! Kesho yake kamati ilitangaza nambari. Nambari 1 ikapewa Texas. Nambari 2 Oklahoma.

Watu walibishana, na pande zote mbili zilikuwa na tarakimu za kuonyesha. Huyu alisema: Oklahoma ndio bingwa wa nchi mara tatu, tena amemshinda Texas juzi tu. Yule alisema: tazama jedwali la michezo 27, nani yuko juu? Mimi ningekuwa katika kamati ningefuata jedwali. Mchezo mmoja wa Mei ni mchezo mmoja, lakini jedwali ni majuma 9 ya kusafiri na kuchoka.

Nambari ile iliwafaa Texas. Katika hatua ya pili walikutana na jirani zao, Texas A&M, nao waliwasumbua mpaka mchezo wa tatu ukahitajika. Ilichezwa yote Austin, kwao nyumbani, na Texas wakapita. Sisemi kwamba wangeshindwa kama wangalicheza kwa watu, bali mtu aliyecheza mchezo wa tatu ugenini anajua ninachosema. Tena, nambari 1 na nambari 2 huwekwa pande mbili mbalimbali, hawawezi kukutana mpaka mwisho kabisa.

Na mwisho kabisa wakakutana. Tarehe 5 na 6 Juni 2024, Oklahoma City. Oklahoma walishinda mchezo wa kwanza 8 kwa 3, na wa pili 8 kwa 4. Hapakuwa na haja ya wa tatu. Wakawa timu ya kwanza kupata ubingwa wa nchi mara nne mfululizo. Wale walioshindwa Jumamosi na Jumapili ya Aprili ndio waliobeba kombe la Juni.

Mtu atasema, basi ule mwisho wa juma wa Aprili ulikuwa bure. La, haukuwa bure. Texas walipata jedwali, wakapata nambari, wakapata kukaa kwao mpaka siku ya kwenda Oklahoma City. Kombe ndilo hawakulipata. Aprili humpa mtu njia nzuri, lakini miguu ni yake mwenyewe.

Na mwaka uliofuata njia na miguu viliachana kabisa. Mwaka 2025 vyuo vyote viwili vilikuwa vimehamia ligi ya SEC. Oklahoma, wageni, wakawa juu ya jedwali la ligi mwaka wao wa kwanza. Mchezo wa mwisho wa mashindano mafupi haukuchezwa kwa sababu ya mvua, ubingwa wakagawana Oklahoma na Texas A&M. Mvua nayo ina neno lake! Texas A&M wakapewa nambari 1 ya nchi nzima, wakachezea kwao, lakini wakatolewa katika kundi la kwanza na timu ya Liberty. Jambo hilo halijapata kumtokea mwenye nambari 1 kabla ya hapo. Na Texas, waliopewa nambari 6, ndio waliofika mpaka mwisho, wakakutana na Texas Tech waliopewa nambari 12. Wakashinda mchezo wa kwanza 2 kwa 1, wakashindwa wa pili 4 kwa 3, na wa tatu wakashinda 10 kwa 4. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa nchi kwa Texas.

Sasa kazi ya nyumbani. Mwalimu, andika, na kila mtu anakili katika daftari yake. Timu ya Kwanza ina 14–7. Timu ya Pili ina 13–8. Umebaki mwisho wa juma mmoja tu wa ligi, nazo zinakutana zenyewe kwa zenyewe, michezo mitatu. Swali la kwanza: kila timu imekwisha cheza michezo mingapi? Swali la pili: Timu ya Pili ikishinda michezo miwili na kushindwa mmoja, andikeni jedwali jipya. Nani yuko juu? Fanyeni polepole, mtaona jambo la kuchekesha. Swali la tatu: na ikishinda yote mitatu?

Wasioelewa wawaulize wenzao kabla ya kumwuliza mwalimu. Majibu tutayasahihisha pamoja juma lijalo, saa ile ile.